Mbao FC, timu tuliyoipenda mechi mbili kwa mwaka

Kuna watu mpaka leo wanasema Mbao ilipanda Ligi Kuu kwa kupitia dirishani, na sio waongo sana. Msimu wa 2015/16, daraja la kwanza, ngazi ya chini ya Ligi Kuu, kundi C walimokuwa Mbao, siku ya mwisho Geita Gold wakaipiga JKT Kanembwa 8-0, Polisi Tabora nao wakaitandika JKT Oljoro 7-0, TFF, shirikisho la soka, wakasema hapana jamani huu ni upangaji wa matokeo, timu zote nne zikashushwa, na Mbao waliokuwa wamekaa zao kimya ndo wakabebwa juu. Timu ya wauza mbao wa Mwanza, haina jeshi nyuma yake wala kiwanda cha sukari, ghafla ipo ligi moja na Azam.

Sasa mimi ni Simba, niseme tu mapema. Mwanza wengi wetu tuko hivyo, ama Simba ama Yanga, ya nyumbani inakuja baadae. Kuna siku nilienda uwanja wa Kirumba Mbao inacheza na timu ya kawaida tu, jukwaa jeupe, unasikia hadi kipa anavyowapanga mabeki wake, muuza karanga akanipa mafungu mawili kwa bei ya moja, anasema bora nikuachie wewe kuliko nirudi nazo nyumbani.

Ila ikija Yanga, weee! Aprili 2017 nusu fainali ya Kombe la FA uwanja ulifurika, nami nimo na jezi yangu nyekundu, Dante wa Yanga akajifunga, 1-0, nikamkumbatia mzee nisiyemjua kabisa. Mwezi uliofuata siku ya mwisho ya ligi Yanga wakarudi, wakapigwa tena 1-0. Ushindi ule uliibakisha Mbao ligi kuu, lakini sisi tulikuwa na hesabu zetu, tunaomba waongeze mengine maana Simba na Yanga walimaliza na pointi 68 kila mmoja na Yanga wakabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Wakafunga hilo hilo moja. Roho iliniuma kweli.

Wiki moja baadae fainali ya Kombe la FA Dodoma, Mbao na Simba. Nikaangalia kibanda umiza, Mwanza hapa hapa, nashangilia Simba! Blagnon wa Simba akafunga muda wa nyongeza, Ndaki Robert wa Mbao akachomoa, mule ndani kuna dogo akaruka juu ya benchi peke yake, wengine wote kimya. Halafu Kichuya wetu penalti mwishoni kabisa, 2-1, tukalipuka. Yule dogo akatoka nje hata hakusubiri kombe likabidhiwe. Nikikumbuka ile sura naona aibu kidogo.

Baada ya hapo ilikuwa kusukuma siku tu. Ndayiragije, kocha wao Mrundi, akaondoka, baadae akawa kocha wa Taifa Stars. 2020 Mbao wakaangukia mechi za mtoano za kugombea kubaki Ligi Kuu na Ihefu, kule Mbarali wakafungwa 2-0, marudiano Kirumba wakashinda 4-2, jumla 4-4, wakashuka kwa mabao ya ugenini, maana Ihefu walifunga mawili Kirumba na Mbao hawakufunga hata moja Mbarali. Goli moja tu lingewabakisha. Mechi nzima niliisikiliza kwenye redio ya fundi viatu, na kutoka pale kwa fundi mpaka Kirumba ni dakika ishirini kwa mguu.