Kihisi bubu kilichonionyesha chaji inakoishia

"Redio ya kihisi inakula chaji ikituma tu." Aliyeniambia hivyo alinitangulia chuoni miaka miwili. Nikamwamini, na muhula mzima ukapotea.

Nilitaka vihisi vitatu vipime joto na unyevu kwenye shamba la viazi la mjomba, Isyonje, njia ya kwenda Tukuyu. Nikapiga hesabu ya nishati ya kutuma kwa kanuni iliyotoka mwaka 2000 na LEACH, itifaki ya mitandao ya vihisi: nanojuli 50 kwa kila biti, juu yake pikojuli 100 mara kipeo cha pili cha umbali. Pakiti ya baiti 100, mita 50, kila dakika kumi. Jibu likaja kwamba betri mbili zitadumu zaidi ya miaka 2,000! Ukipata jibu la namna hiyo, simama hapohapo. Mimi nilipanda gari nikaenda kuvifunga. Siku ya sita simu ikaita: "Mjomba, vidude vyako vimezima vyote."

Nikarudi kwenye Cooja, programu ya kuigiza vihisi kwenye kompyuta, nikawasha Energest, ile sehemu ya Contiki (mfumo endeshi wa vihisi) inayohesabu muda ambao redio inasikiliza na muda inaotuma. Inahesabu kwa midundo ya saa; midundo 32,768 ni sekunde moja. Gawanya upate sekunde, zidisha kwa mkondo, zidisha kwa volti 3, unapata nishati.

Kisha nikaongeza kihisi cha nne, bubu. Hakitumi hata pakiti moja, redio yake iko wazi muda wote kama za wenzake. Nikaacha simulesheni ikienda usiku kucha. Asubuhi, baridi ya Juni ikiniuma vidole, nikasoma namba mara tatu: bubu kimekula chaji kuliko wanaotuma! Kidogo sana, lakini kuliko wao. Jedwali la CC2420, chipu ya redio ya vihisi vyangu, likanijibu: kusikiliza miliampea 18.8, kutuma kwa nguvu zote 17.4. Gawanya miliampea-saa 2,500 za betri kwa 18.8, unapata saa 133, yaani siku tano na nusu. Ndiyo simu ya mjomba ile!

Nikaweka ContikiMAC, sehemu ya Contiki inayoilaza redio, redio ikawa inaamka mara nane kwa sekunde na kulala tena. Ikibaki wazi asilimia moja ya muda, kwa redio peke yake hiyo ni kama mwaka na nusu. Na namba za mkondo chukua za chipu yako, si za mwenzako.

Betri mpya nilinunua Mwanjelwa, elfu kumi na kitu. Siku hizi mjomba akipiga anauliza joto la usiku lilishuka hadi ngapi.