Siku mama mkwe alikuja kutoka Ahero tukapima ugali

Karatasi ya chakula cha wamama wenye kisukari cha mimba niliyopewa kliniki ilikuwa na kila kitu isipokuwa ugali. Ilikuwa na slaisi ya mkate, gramu 15 za wanga (ile sehemu ya chakula inayogeuka sukari mwilini), ilikuwa na pasta, siriali, tufaha, hata juisi ya machungwa na kikombe chake kimechorwa pembeni. Mimi nakaa Kisumu, Manyatta, nimeolewa na watu wa Ahero, na kwetu Vihiga pia hakuna siku inaisha bila ugali, sasa niambie pasta ningeifanyia nini.

Hii ilikuwa 2021, mwezi wa tano, mvua inanyesha karibu kila jioni na mimi nina mimba ya wiki 27. Nilikuwa nimepimwa kisukari cha mimba. Unakuja bila kula, unatolewa damu, unakunywa glukosi gramu 75 kwenye maji, tamu mpaka inakaba koo, halafu unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mipaka yenyewe, kwa milimoli kwa lita, ni 5.1, 10.0 na 8.5, na ukifikisha mmoja tu hiyo tayari ni kisukari cha mimba. Mimi nilipita yote mitatu.

Dada wa lishe alinikalisha chini akanieleza pole pole, na nilimpenda sana kwa hiyo. Akaniambia kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya insulini ya mama, ile inayoshusha sukari kwa damu, isifanye kazi vile ilizoea, na mimba ikizidi kukua hizo homoni nazo zinaongezeka, so si ati nilikula soda sana ama nililogwa. Kongosho za wamama wengi zinaongeza insulini zinatosheleza, za wengine haziwezi. Akanipa mpango wa wanga: gramu 30 asubuhi, 45 mchana, 45 usiku, na katikati vitu vidogo vidogo mara tatu, kama gramu 20 kila mara. Asubuhi ndio kidogo kwa sababu homoni za asubuhi ni kali na sukari inapanda haraka. Kwa jumla nisishuke chini ya gramu 175 kwa siku, hapo alisisitiza sana, kwa sababu ubongo wa mtoto unatumia hiyo sukari na mama akijinyima kabisa mwili unaanza kuchoma mafuta. Halafu nipime kidoleni: kabla ya kula asubuhi iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Ikikataa kushuka na chakula, kuna dawa, kuna insulini, na hiyo si aibu.

Nilirudi nyumbani na maneno mazuri na karatasi ya wazungu. Samaki nilijua hana wanga, omena (dagaa) hana, mayai hayana, sukuma na osuga (managu) ni kidogo sana hata huhitaji kuhesabu. Lakini ugali? Kipande kiasi gani ndio gramu 45? Nikaamua niweke ugali kando kwanza mpaka nipate hesabu yake, nikawa nakula viazi vitamu ambavyo namba yake nilikuwa nimepewa, gramu 100 za kuchemshwa ni kama gramu 20 za wanga.

Ndio Jumamosi moja mama mkwe akafika na matatu ya asubuhi, bila kupiga simu, na gunia ndogo kichwani. Viazi vitamu, omena, osuga ya shamba, na gorogoro mbili za unga ya posho mil. Mama anauza mchele soko la Ahero, ule mchele wa skimu ya pale, ameuza tangu kabla bwanangu azaliwe. Alipoingia jikoni akafunua sufuria, akaona samaki na mboga, akatafuta ugali na macho, hakuna.

"Nyar Maragoli, huyu mtoto unamlisha majani?"

Nyar Maragoli ni binti wa Maragoli kwa Kijaluo, ndio jina ananiita. Nikamwambia mama keti kwanza nikueleze. Akaketi lakini uso umekunjamana, na mimi nilimwelewa, huyu ni mama amelea watoto kwa ugali na akawasomesha kwa mchele, leo anaambiwa chakula chake ni sumu. Nilijua nikianza na namba nitampoteza. Nikaanza na mtoto. Nikamwambia mama, sukari yangu ikipanda, inapita inaenda kwa mtoto, lakini insulini yangu haipiti. Sasa mtoto akipata sukari nyingi inabidi atengeneze insulini yake mwenyewe, nyingi, na hiyo inamnenepesha mabega na tumbo. Siku ya kuzaliwa anakuwa mkubwa kupita njia, bega linaweza kukwama. Na akishatoka, kitovu kikikatwa, sukari kutoka kwangu inakatika hapo hapo lakini ile insulini yake bado iko mwilini inafanya kazi, so sukari yake inaanguka, na mtoto mchanga sukari ikianguka sana anaweza kupata degedege.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akaniambia kuna mwanamke wa boma jirani, zamani, alizaa mtoto wa kilo karibu tano, watu wakapiga vigelegele, wakasema huyu ni dume, na mtoto alitetemeka usiku huo na kesho yake hakuweko. Hakuna mtu alijua ni nini. Walisema ni jicho. Aliniuliza, "Inaweza kuwa ni hii?" Nikamwambia mama sijui, inaweza. Akatoa leso akapangusa uso, akasimama.

"Leta hiyo mizani yako."

Nilikuwa na ile mizani ndogo ya jikoni ya betri nimenunua town. Nilikuwa naiogopa kidogo, naona ni kitu ya maabara. Lakini mama ameshika mizani maisha yake yote, hiyo haikumtisha hata. Kitu cha kwanza aliniuliza ni nimetoa uzito wa chombo? Huwezi kuuzia mtu ndoo pamoja na mchele, alisema, na mteja akijua harudi tena. Akaweka bakuli tupu, akafinya ile batani ya kurudisha sufuri, ndio akamimina unga. Gramu 400 kamili, ya watu watatu, mimi, yeye na shemeji mdogo aliyekuwa amelala sebuleni na simu usoni. Akamwita, "Wewe kuja upige hesabu, simu si ya kuangalia mpira tu."

Unga wa mahindi mkavu una wanga kama gramu 75 kwa kila gramu 100. Hiyo nilikuwa nimeipata kwa jedwali la vyakula vya Kenya la 2018, lile serikali ilitoa na FAO, dada wa lishe alikuwa ameniambia niliangalie. So gramu 400 za unga ni wanga gramu 300. Hapo hakuna siri. Maji yanaongeza uzito tu, hayaongezi wanga, kwa hivyo vyovyote ugali utakavyotoka, ndani yake kuna 300 tu. Mama alilishika hilo mbio kuliko mimi. Akapima sufuria tupu, akaandika uzito wake kwa mkaa ukutani pale nje (bado iko mpaka leo, landilodi hajaiona), akapika ugali wake vile anapika, mgumu, unakatika na kisu. Tukapima na sufuria, tukatoa ya sufuria, ugali wenyewe ukatoka gramu 1,100 na kidogo.

Shemeji akagawanya. Kila gramu 100 za huo ugali zina wanga kama 27. Kwa hivyo gramu 45 za mchana ni kipande cha kama gramu 165. Mama akakata, akapima, akapunguza kidogo, akapima tena, akaweka kwa sahani yangu. Kilikuwa ni kipande kizuri jamani. Si kile cha kujaza mkono mbili tulizoea, lakini ni ugali, nimeukunja na vidole, nimechota osuga nayo. Karibu nilie.

Halafu mama mwenyewe akasema kitu ambacho karatasi isingeniambia. Alisema wewe unapika ugali laini, maji mengi, sasa ukikata kipande saizi hii kwa ugali yako, si wanga itakuwa kidogo kuliko kwa yangu? Na ni kweli. Ndio maana kuhesabu kwa ngumi ama kwa jicho inatuchanganya hapa kwetu, kila nyumba na ugali yake. Ukipima unga kabla ya kupika, hiyo shida inaisha, gramu 60 za unga ni gramu 45 za wanga hata upike uji.

Akataka pia aniletee unga ya wimbi na mtama wiki inayokuja, kwa sababu watu wanasema ugali nyeusi haina sukari. Hapo tukafungua jedwali tena tukaangalia pamoja, wanga ya wimbi haiko mbali na ya mahindi, inachoizidi ni nyuzinyuzi, so inapanda pole pole kidogo lakini bado lazima ipimwe. Hili nalisema kwa sababu nimeona wamama wengi wanaambiwa kula ugali ya brown mpaka ushibe tu, na sukari inapanda wanashangaa.

Tulikula. Nikaweka alamu ya saa moja tangu nianze kula. Mama hakutaka kurudi Ahero kabla ya ile saa moja kuisha, matatu ziko hadi usiku, alisema. Nikanawa mikono na sabuni nikakausha, juu ugali ikibaki kidoleni inaharibu kipimo, nikajidunga pembeni mwa kidole, tone likaingia kwa stripu. 7.1. Shemeji akapiga makofi. Mama akauliza mwisho ni ngapi, nikamwambia 7.8, akasema basi kesho usiongeze, kaa hapo hapo.

Zile wiki zilizobaki tulienda hivyo. Asubuhi mayai mawili, kiazi kitamu cha gramu 100 na chai ya maziwa nusu kikombe bila sukari. Mchana ugali wa mizani. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikataa kushuka vizuri, hiyo inategemea ini na homoni za usiku kuliko chakula, so wiki ya 33 nikaanzishiwa metformini, dawa ya kushusha sukari, na ikakaa sawa. Kila jioni mama alipiga simu nimsomee namba zote, na ikiwa juu alinihoji kama mteja aliyerudisha mchele: ulikula nini, ulipima na chombo?

Msichana alizaliwa wiki ya 39. Wakamdunga kisigino. Nilipompigia mama hakuuliza ni msichana ama mvulana, hakuuliza kilo, aliuliza, "Sukari yake ni ngapi?" Nikamwambia 3.2. Akauliza hiyo ni nzuri? Nikamwambia nesi amesema ni nzuri, hawataki ishuke chini ya 2.6. Ndio akapiga kigelegele mpaka nikatoa simu kwa sikio.

Kilo zilikuwa 3.3. Baada ya wiki sita nilirudi kunywa ile glukosi tena, gramu 75, wakasema imerudi kawaida, lakini niwe napima kila mwaka kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya kupata kile cha kawaida baadaye. Mwaka huo Desemba tulipoenda Ahero nilienda na mashine yangu na pakiti ya stripu, mama alikuwa ameshawaita wanawake wenzake wa soko wakae foleni kwa ua, asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunywa chai.