Nilivyomsaga Mfalme nikapata fisi wawili

Kijana aliyeniambia "kaka, kwenye huu mchezo bila hela wewe ni kitoweo cha wenzako" namkumbuka vizuri. Mchezo ni Hearthstone, wa karata kwenye simu. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda kwenye foleni ya kivuko upande wa Busisi, anakula yai la kuchemsha lililopasuliwa likajazwa kachumbari. Nilimwamini kwa sababu moja tu: simu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Ushauri wake ulinila miezi mitatu, na kinyongo bado ninacho kidogo.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa utingo wa Fuso iliyobeba mahindi, na msimu ukifika mananasi, kutoka Sengerema kwenda Mwanza mjini. Daraja lile refu la Kigongo–Busisi mnalopita sasa mkiwa mmewasha muziki halikuwepo. Tulivuka kwa kivuko, na kivuko hakina haraka na mtu. Ukikuta foleni ndefu unakaa pale mpaka unajua majina ya watoto wa muuza karanga. Suka wangu alikuwa analala kwenye usukani, mimi nina simu, chaja ya gari na bando la buku.

Hearthstone yenyewe ni ya kampuni ya Blizzard ya Marekani. Mchezo ulitoka 2014, ukaja kwenye simu 2015. Kuushusha ni kazi, GB kwa GB, kwa hiyo nilivizia bando la usiku, likaishia njiani, nikavizia jingine. Ukishauweka ndani hauli bando sana.

Nilidhani ni kama lasti kadi. Sio. Unaingia na deki ya karata 30, karata moja unaiweka mara mbili mwisho, na zile za kifahari kabisa mara moja tu. Wewe una uhai 30, mwenzako 30, anayemmaliza mwenzake ndiye kashinda. Kila karata ina bei yake ya mana, ndiyo unayolipia karata humo ndani: zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, hivyo hivyo mpaka 10. Hapo kwenye mana ndipo nilipozama.

Nilichagua kuwa Mwindaji. Kila zamu, kwa mana 2, anampiga adui uhai 2 moja kwa moja usoni, awe na ulinzi asiwe nao. Nikaona huyu ndiye wa kwangu, hana maswali mengi. Deki yangu ya kwanza nikajaza majitu: lile la 6 kwa 7, yaani nguvu 6 uhai 7, lile golemu la mana 7, mbwa wa moto mwenye nguvu 9. Sangara watupu! Nilikuwa naiangalia deki yangu nacheka peke yangu. Halafu mechi inaanza, mkononi nina sangara wanne, mana ninayo 1. Zamu ya pili, naangalia. Ya tatu, naangalia. Mwenzangu kashaweka vijitu vinne mezani vinanipiga kidogo kidogo, na ikifika zamu ya kumweka sangara wa kwanza nimebaki na uhai 9. Nilipoteza mechi kumi na kitu mfululizo. Madaraja ya wageni wakati ule yalianzia 50 na unapanda kwa namba kushuka. Mimi nilikaa kwenye 50 kama niliyejengewa nyumba hapo.

Ndipo nikakutana na mtu wa yai.

Aliichukua simu yangu bila kufuta vidole, akapekua, akasikitika. "Huna hata karata moja ya maana. Mwindaji bila King Krush ni mwindaji gani?" Akanionyesha yake. Jamani. Mjusi mkubwa wa kale, mana 9, nguvu 8, uhai 8, na hasubiri zamu: ukimweka tu anashambulia palepale. Na ukiwa naye anaingia mezani kwa ngurumo, simu inatetemeka. Nikasema huyu lazima awe wangu.

Kwenye mchezo huu karata usiyoitaka unaisaga inakuwa vumbi, na vumbi hilo unatengenezea nyingine. Hesabu yake ni ya kinyonyaji: karata ya kawaida ukiisaga unapata vumbi 5, kuitengeneza ni 40. Ya nadra unapata 20, kutengeneza 100. Ya kifahari, kama Mfalme Krush, kuitengeneza ni 1600. Nilikuwa nafanya kazi ndogondogo za kila siku wanazokupa, dhahabu 50 leo, 60 kesho, zikifika 100 nafungua pakiti ya karata tano, halafu nasaga zote. Zote! Sikusoma hata zinafanya nini. Kuna moja ya kifahari ya mchawi ilitoka kwenye pakiti, inang'aa rangi ya chungwa, nikaitupa kwenye kinu ikatoa vumbi 400 nikashangilia kama nimeokota hela. Bahati yangu zile karata za msingi za bure hazisagiki, la sivyo ningesaga mpaka suruali.

Mwezi wa tatu vumbi likafika. Siku hiyo tulikuwa tunarudi tupu, upande wa Kigongo, jua linazama kwenye maji. Nikabonyeza kutengeneza, Mfalme akatoka. Nikamwamsha suka aje amwone. Akamwangalia, akauliza, "Anauzwa?" Nikasema hauzwi. Akalala tena.

Na sasa sikiliza aibu yangu. Kwenye mechi ishirini hivi zilizofuata nilimweka Mfalme mezani mara mbili. Mbili! Mara nyingine zote aidha yuko chini kabisa ya deki, aidha yuko mkononi ananguruma kimoyomoyo huku mimi nafia zamu ya saba. Na ile mara ya kwanza aliyoingia, mpinzani alikuwa mchawi: akambadilisha kuwa kondoo. Vumbi 1600, miezi mitatu ya maisha yangu, anasema mee. Ile mara ya pili alishinda, nakiri, ila yule mpinzani nadhani alikuwa amekwenda msalani, maana zamu tatu hakucheza kitu.

Wiki nzima sikuugusa mchezo. Halafu nikaamua jambo ambalo mtu wa yai angenipiga nalo kreti: nikamsaga Mfalme. Alirudisha 400. Ni kama kununua ng'ombe ukauza kwato, najua. Lakini safari hii nilitumia 400 yangu kama mtu aliyelelewa: 200 nikatengeneza Savannah Highmane wawili, simba wa mana 6 ambaye akiuawa anaacha fisi wawili mezani, 80 nikachukua Scavenging Hyena wawili, 80 nyingine Unleash the Hounds mbili, 40 iliyobaki bundi mmoja wa kunyamazisha majitu ya watu. Vumbi likaisha kabisa, na sijawahi kutengeneza kitu tena kwa muda mrefu.

Kilichobaki chote ni karata za bure za msingi ambazo kila mtu anapewa. Mamba wa mtoni wa mana 2, nguvu 2 uhai 3, huyu nilimpenda kwa sababu ya nyumbani. Yule samaki-mtu mdogo anayeshambulia akishuka tu. Karata ya kuita mnyama ambapo hujui atakuja yupi kati ya watatu: nguruwe mwenye haraka, dubu wa kuzuia, au yule wa kuwapa wenzake nguvu, ukimhitaji dubu anakuja nguruwe, zoea. Na Kill Command mbili, mana 3, inachoma 3, lakini ukiwa na mnyama mezani inachoma 5. Deki yote, ukiacha wale simba wawili na vitu viwili vitatu vya mana 4, hakuna kinachozidi mana 3. Dagaa watupu.

Jambo jingine lililonisaidia, na hakuna aliyeniambia: mwanzo wa mechi wanakuonyesha karata tatu, au nne ukiwa wa pili kucheza, na unaruhusiwa kurudisha usizozitaka upewe nyingine. Nilikuwa nabakiza kubwa kwa tamaa. Sasa chochote cha kuzidi mana 3 narudisha bila huruma, hata simba.

Lakini utamu ni yule fisi. Ni wa mana 2, nguvu 2, uhai 2, kitu cha kudharauliwa. Ila kila mnyama wako mwingine akifa, yeye anaongezeka nguvu 2 na uhai 1. Na Unleash the Hounds, mana 3, inakuletea mbwa mmoja wa nguvu 1 na uhai 1 kwa kila kiumbe cha adui kilichopo mezani, na mbwa hao hawasubiri zamu. Unaona inapoelekea?

Mechi ninayoitaka kuisimulia niliichezea ndani ya kivuko chenyewe. Mpinzani ni shujaa wa ngao, yule anayezalisha askari wadogo wa 1 kwa 1. Kafika uhai 18, mezani kajaza sita. Mimi nina uhai 7 na fisi mmoja niliyemweka zamu iliyopita, ambaye kamdharau, hakumgusa. Zamu ya sita, mana 6. Mkononi nina mbwa na Kill Command. Tatu na tatu, sita. Mikono ikaanza kutoka jasho.

Palepale suka anapiga kelele: "Dogo, gogo!" Gari lilikuwa limeshaingia kwenye kivuko na kazi yangu ni kuweka gogo nyuma ya tairi kabla hajaachia breki.

"Suka, sekunde tano!"

"Gari likiingia ziwani hizo sekunde tano utanilipa?"

Nikabana simu kwenye meno, nikaruka, nikasukuma gogo kwa mguu, nikarudi. Kwenye mchezo huu zamu moja ni sekunde 75, na zikikaribia kuisha utambi unaanza kuwaka katikati ya meza. Wangu ulikuwa unawaka. Nikafungulia mbwa: sita wakatoka. Sasa kila mbwa unamvuta kwa kidole kimoja kimoja mpaka kwa askari wake, na kidole changu kina vumbi la mahindi na jasho, kioo hakishiki. Nikafuta kwenye shati. Mbwa wa kwanza na askari wa kwanza wakafa pamoja, fisi akawa nguvu 4. Wa pili, 6. Wa tatu hakwenda, kidole kiliteleza, nikamvuta tena, 8. Kumi. Kumi na mbili. Utambi umebaki kama kucha. Wa sita. Fisi nguvu 14! Nikamtuma usoni, adui akabaki na uhai 4, nikapiga Kill Command, na kwa kuwa fisi yuko mezani ikachoma 5.

Nililia "weee" mpaka mama mmoja mwenye beseni la sato akadhani mtu kaanguka majini.

Kwa deki hiyo nilitoka 50 nikafika daraja la 19 kabla ya mwaka kuisha, bila kutoa shilingi zaidi ya bando. Wako waliofika mbali zaidi, sawa, lakini hawakuwa wanaweka gogo. Msiinakili deki yangu hivi hivi ilivyo: tangu 2021 karata za bure zinabadilishwa kila mwaka, na namba za baadhi zimeguswa. Tafuta dagaa wa mwaka wako.

Suka siku ile aliniuliza nimeshinda shilingi ngapi. Nikamwambia hakuna hela. Akanitazama kwa muda. "Yaani ulitaka kuniulia gari kwa ajili ya fisi wa bure." Hakuongea nami mpaka Usagara. Mwezi uliofuata akaomba nimwekee mchezo kwenye simu yake, nikamwekea, nikamweleza habari za dagaa zote hizi, akawa anaitikia "ehee, ehee."

Usiku mmoja, saa sita, simu inaita. "Dogo, nimempata yule Mfalme kwenye pakiti! Sasa nisage nini nimpate na mke wake?"