Jumamosi hatuingii ukumbini

Kijana wetu alitolewa ukumbini hapa Tanga, kisa anavyotembea na anavyoongea. Mlinzi alimsukuma, watu wakashangilia. Imeniuma sana.

Jana tumekaa barazani Ngamiani, mama yake akiwemo. Jumamosi hatuingii. Tutasimama ng'ambo ya barabara, kimya, bila tusi. Polisi lazima wapewe taarifa saa 48 kabla, na hapo ndipo wengi wanapoogopa, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono kinachoiita ya kinyume cha maumbile, ikiwemo ya wanaume wawili, kinatoa miaka 30 hadi maisha jela. Hofu yao naielewa, wala simlaumu atakayebaki nyumbani. Lakini Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Barua kwa meneja nimeshaandika. Anayetaka kuweka saini anitumie ujumbe.