Chumba kimoja, neti moja na mama mkwe

Mtoto wetu alizaliwa Januari, Dar es Salaam ikiwa imewaka. Tunaishi Mbagala, chumba na sebule, na kitanda chetu ni tano kwa sita. Kikishaingia chumbani hakibakizi nafasi zaidi ya ile ya kufungulia kabati. Nepi, beseni na kanga vilikuwepo tele. Pa kumlaza mtoto ndipo palipotuumiza kichwa.

Ila kilichoninyima usingizi kwanza kabisa ni pumzi zake. Anapumua harakaharaka, anatulia tuli, mimi nishakaa kitako na tochi ya simu mkononi, ndipo anavuta tena kama hakuna lililotokea. Nesi alitueleza kwamba wachanga ndivyo walivyo: wanaweza kusita kidogo, chini ya sekunde kumi, kisha wakaendelea. Akisita hadi sekunde ishirini, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, au kifua kikiwa kinabonyea ndani anapovuta hewa, hapo ni kukimbilia hospitali usiku huohuo. Kujua hivyo kulinisaidia kuliko kumkodolea macho. Mpaka leo naona ajabu kwamba sheria inampa baba siku tatu tu za likizo, wakati usiku mgumu unaanza hasa baada ya hizo siku tatu.

Kwa kitanda nilikwenda Keko. Nilimwambia fundi sitaki urembo, nataka kitanda kidogo kitakachogusana na chetu, kimo kilekile, na mbao za pembeni zikaribiane kiasi kwamba kopo la soda haliwezi kupita katikati. Alicheka, lakini kipimo hicho kina maana: nafasi ikiwa pana, mwili wa mtoto unapenya na kichwa kinakwama. Godoro nikakatiwa sponji ngumu ya kuenea kitanda chote, pasiwe na upenyo wa kupita vidole viwili ukingoni. Muuza sponji alinishangaa nilipoikataa ile laini, akaniambia namtesa mtoto. Godoro laini linabonyea, na mtoto ambaye hawezi kuinua kichwa akigeuza uso pale, pua inazama. Juu yake ni shuka moja iliyobana, basi. Mto hakuna, blanketi hakuna, mdoli hakuna.

Faida ya kuvigusanisha vitanda ni kwamba neti moja ilitosha wote. Tuliyokuwa tumepewa kliniki wakati wa ujauzito ni pana, tukaitanua pembe nne na kuichomekea chini ya magodoro. Neti ikining'inia ovyo ni hatari mara mbili: ikimgusa mtoto mbu anamng'ata kupitia matundu, na ikimwangukia inaweza kumfunika uso. Ile ya mwavuli tuliiacha iwe ya mchana, sebuleni, tukiwa macho.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Pangani, kwa ajili ya arobaini. Alikuja na mto mdogo wa sufi alioushona mwenyewe ili kichwa cha mjukuu kikae vizuri, na mkasi wa kuweka chini ya huo mto. Usiku wa kwanza alimkuta mtoto kalala chali, akamgeuza kifudifudi taratibu. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto akilala chali, maziwa yakipanda yatampalia. Mimi nimelea saba."

Sasa mkwe wako amekuja kukusaidia, anaamka alfajiri kumkanda binti yake, utamjibu nini? Nilisema, "Sawa mama." Alipotoka mke wangu akamrudisha mtoto chali. Tuliendelea hivyo, huyu anageuza, yule anageuza, na hakuna aliyesema neno.

Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba hudhurio la kliniki la siku ya saba mama mkwe anakwenda pia. Pale kuna nesi mtu mzima, rika lake, na nilimdokeza mapema. Yule mama alijua kazi yake. Hakusema kwamba bibi anakosea. Alimwita karibu, akamwonyesha shingoni mwa mtoto. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Akicheua, maziwa yanabaki kule chini na anayameza tena. Ukimlaza kifudifudi unapindua mpango: njia ya chakula inakuwa juu, na maziwa yanaweza kuteremkia kwenye hewa. Mama mkwe akauliza, mbona akilala tumbo ndiyo analala fofofo? Nesi akamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe. Usingizi wa tumbo ni mzito mno, mtoto hewa ikimpungukia haamki kulia. Na kulala ubavu si suluhisho, maana kutoka ubavu anajibingirisha tumboni kirahisi.

Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na kufikia 2000 vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Sikulitaja hilo kliniki. Kwa mama mkwe wangu, nesi aliyeshika shingo ya mjukuu wake alikuwa na uzito kuliko Marekani nzima.

Njiani akaniuliza jambo moja tu, kichwa kisije kikawa bapa. Tukakubaliana kwamba mchana mtoto akiwa macho atamlaza kifudifudi juu ya mkeka na kumchezesha, dakika chache chache. Hiyo inanyoosha kichwa na kukaza shingo, na bibi akapata tumbo lake. Mkasi ulihamia juu ya kabati. Kamba nyeusi ya shingoni aliikata mwenyewe, akafunga nyingine kiunoni.

Ubishi uliobaki ulikuwa wa nguo. Kofia, soksi na sweta, Februari, Mbagala! Bibi alikuwa anashika vidole vya mtoto, anavikuta vya baridi, anaongeza nguo. Vidole vya mchanga huwa vya baridi hata akiwa na joto. Unapaswa kugusa kisogo au kifua. Pakiwa na jasho, punguza. Alilala na nepi na fulana nyepesi, feni ikipuliza pembeni, na usiku ambao Luku iliisha tulifungua madirisha. Ubani aliendelea kufukiza, ila uani, na dawa ya mbu ya kuchoma tuliacha kabisa. Jiko la mkaa halikuvuka mlango wa chumba hata mvua iliponyesha.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya saa nane za usiku. Mke wangu alizoea kunyonyeshea kwenye kochi, na uchovu ule, kichwa kilikuwa kinamwangukia. Kochi ni mahali pabaya kuliko pote pa kupitiwa na usingizi na mtoto, kwa sababu anateleza kati ya mwili wako na mto wa kiti na haonekani. Tukahamia kitandani: naondoa mito na mashuka upande wake, ananyonyesha akiwa amejilaza, mimi nakaa macho. Mtoto akishiba namcheulisha na kumrudisha kwake, chali. Kazini nilisinzia sana kipindi kile, bosi wangu ana watoto, alinyamaza.

Alipokaribia miezi mitano alianza kujipindua. Kumviringisha kanga tuliacha palepale, maana mikono ikifungwa hawezi kujigeuza. Nesi alisema tuendelee kumweka chali, na kwa kuwa anageuka pande zote mbili, akijipindua mwenyewe tusimrudishe. Sasa analala tumbo usiku kucha, matako juu. Tulimtumia bibi yake picha Pangani. Alipiga simu saa hiyohiyo: "Mumeona? Nilisema mimi!"