Theluji Imewahi Mwaka Huu

Tangu mwisho wa juma lililopita theluji inaanguka Stelvio, kaskazini mwa Italia, na simu yangu hapa Malindi imejaa picha zake. Mdogo wangu wa kiume ameajiriwa huko kwenye lifti zinazowapandisha mlimani watelezaji wa skii, yaani wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, na kila alfajiri kabla ya kuingia zamu hunitumia picha ya kilele kilekile, ambacho siku hizi kila nikikitazama kimezidi weupe. Septemba bado haijaisha. Huku kwetu upepo wa kusi umeanza kulegea, mahoteli yaliyojaa mwezi wa Agosti yamebaki na wageni wa kuhesabika, nami ninayejipatia riziki kwa kuandika hesabu za nyumba za kupangisha za Casuarina sina kazi nyingi hadi Desemba ikaribie. Nimepata nafasi ya kuyaweka kwenye maandishi mazungumzo yetu ya simu, kwa kuwa naona wengi wanaoishangilia theluji hii ya mapema wanaishangilia kwa jambo ambalo haina uwezo wa kuwapa.

Stelvio ni mahali pa ajabu hata kwa Waitaliano wenyewe. Barabara yake, iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, hupanda hadi mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande mmoja peke yake una kona 48 za kujikunja, kila moja na namba yake. Theluji ya majira ya baridi huifunga kabisa barabara hiyo, na kwa sababu hiyo kituo chake cha kuteleza huenda kinyume na vituo vingine: hufunguliwa mwishoni mwa Mei, hufanya kazi wakati wa joto, kisha hufungwa mwezi wa Novemba. Watu huteleza juu ya barafuto, yaani ile barafu ya kale inayolala mlimani mwaka mzima. Mtu wa Malindi hapati taabu kuelewa kazi inayofuata majira, maana sisi nasi hufunga milango masika yanapoingia. Nilichochelewa kukizoea ni kwamba kituo cha theluji hufungwa theluji inapokuja.

Ami yangu, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi na haamini habari yoyote ya hali ya hewa isiyotaja upepo, alizitazama picha hizo akaniuliza swali moja tu: "Upepo umetoka wapi?" Nilimpelekea mdogo wangu swali lile kama lilivyo, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Shikamoo, ami. Umetoka kusini, baharini." Ami aliitikia marahaba na kurudia kahawa yake, ameridhika.

Jibu hilo fupi lina mengi ndani yake. Mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika, bahari ya Mediterania huwa bado imehifadhi joto la Julai na Agosti. Hewa baridi ikishuka kutoka kaskazini na kukutana na bahari hiyo, kanieneo ya hewa hushuka karibu na ghuba ya Genova, na hewa iliyobeba unyevu husukumwa juu ya milima. Inapopanda hupoa, kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mji wa Bormio, ulio chini ya Stelvio kwenye kimo cha mita 1,225, unaweza kuwa na nyuzi 10 na mvua ya kawaida inayowafanya watu wafungue miavuli, na wakati huohuo kule juu barabarani pakawa panakaribia sifuri na mvua ileile ikawa theluji. Kwa makisio ya haraka milimita moja ya mvua hutoa sentimita moja ya theluji, kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo hapa mjini ingewapa taabu madereva wa tuktuk kwa nusu siku, kule huwa rundo la kufika magotini. Septemba ya mwaka 2024 dhoruba iliyopewa jina la Boris iliwaletea mafuriko makubwa watu wa Ulaya ya Kati, na dhoruba hiyohiyo ikamwaga theluji nyingi kwenye milima ya Austria.

Niliwahi kukaa Bormio kwa mdogo wangu katika majira kama haya, nikaiona theluji ya aina hii kwa macho yangu. Upande wa msituni kulikuwa na miti ya jamii ya msonobari ambayo, tofauti na ndugu zake, hugeuka manjano na kupukutisha majani, nayo theluji ilikuwa imenaswa juu ya vijisindano hivyo vya manjano kabla havijaanguka. Nilichukua donge moja mkononi. Lilikuwa zito, limelowa, na ndani yake mlikuwa na majani ya nyasi ambayo bado yalikuwa mabichi kabisa. Ardhi ilikuwa haijapoa, kwa hiyo theluji ilikuwa ikiyeyuka kutoka chini kuliko kutoka juu, na kabla ya adhuhuri njia yote ilikuwa tope ambalo liliviharibu viatu vyangu. Ng'ombe walikuwa wameshateremshwa kutoka malisho ya juu. Mkahawani vijana walikuwa wakionyeshana picha na kuulizana ni lini wataanza kuteleza, ilhali mzee mwenye duka la vifaa vya skii aliendelea kunoa kingo za chuma kwa tupa, jozi moja baada ya nyingine, bila kuinua uso. Nilimwamini yeye kuliko wale vijana.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Anayeteleza mwishoni mwa Septemba kwenye barafuto huona weupe mpya akadhani anateleza juu ya majira yanayokuja, kumbe kilicho chini ya miguu yake ni mabaki ya majira ya baridi yaliyopita na barafu ya miaka mingi iliyo chini yake. Theluji mpya ni tabaka jembamba juu ya hayo. Kazi yake kubwa ni kufunika. Theluji iliyoanguka leo hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga, lakini barafu tupu iliyochafuliwa na vumbi na changarawe hurudisha asilimia 40 au chini ya hapo, na mwanga uliobaki wote huishia kuiyeyusha. Kila siku ambayo barafuto inakuwa imefunikwa mwezi wa Septemba ni siku ambayo haipungui. Na kuna jambo ambalo mwandika hesabu kama mimi sikuweza kulipita bila kutabasamu: wataalamu wa barafuto nao wana mwaka wao wa hesabu, ambao huanza tarehe 1 Oktoba. Hutoboa barafu na kusimika vijiti virefu vyenye alama, na mwisho wa msimu wa joto husoma ni urefu gani wa kijiti umebaki wazi. Huo ndio upotevu wa mwaka. Mdogo wangu alinipigia picha ya kijiti kimoja cha namna hiyo mwaka uliokuwa mbaya, kimesimama kirefu peke yake juu ya barafu ya kijivu iliyojaa mawe, na sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka mbaya kuliko yote wanaouzungumzia ni 2022. Theluji ya majira ya baridi ilikuwa haba, vumbi la Sahara liliutia uso wa theluji rangi, kisha likaja joto ambalo halikupumzika. Mwezi wa Julai Stelvio ilisimamisha lifti zake katikati ya msimu wake wenyewe kwa kukosa theluji. Mwezi huohuo kipande cha barafuto ya Marmolada, pia huko Italia, kilimeguka na kuwaua wapandaji milima 11. Barafuto za Uswisi zilipoteza asilimia 6 ya ujazo wake mwaka ule na asilimia 4 mwaka uliofuata. Mtu akishazisoma tarakimu hizo, theluji ya Septemba huitazama kwa jicho jingine. Mimi naifurahia, lakini furaha yangu ni ile ya kuona hasara imekoma kuongezeka. Faida ni habari nyingine kabisa.

Tena theluji hiyo huficha. Barafuto hutembea polepole, na mahali inapopinda hupasuka nyufa ambazo nyingine zina kina cha makumi ya mita. Wakati wa joto nyufa huonekana wazi na kila mtu huziepuka. Zikishafunikwa na theluji ya upepo ya sentimita chache, uso wote huwa sawasawa, na mtu anayetoka nje ya njia iliyopimwa hukanyaga daraja la theluji ambalo halimwezi. Ndiyo maana kikosi cha mdogo wangu, kabla hakijaruhusu mtu yeyote kupita, hutembea kwa mstari kikichoma theluji kwa fito ndefu za chuma, hatua kwa hatua, na mahali ufito unapozama ghafla husimikwa alama. Aliniambia, "Dada, wateja hukasirika wakiona theluji imejaa nasi bado tunachomachoma." Nilimjibu kwamba waache wakasirike. Hatari nyingine huchelewa: theluji ya mapema inayosalia kwenye miteremko yenye kivuli, katika usiku mkavu wenye baridi kali, hugeuka chembe kubwa zisizoshikana, na theluji ya Desemba na Januari ikija kulala juu yake huwa imelala juu ya msingi mbovu. Maporomoko mengi ya katikati ya msimu huanzia kwenye tabaka la namna hiyo.

Sitaki kuonekana kama ninayewakejeli watelezaji wa mapema. Wengi wanaokuwa barafutoni wakati huu ni wanamichezo wa timu za taifa na watoto wa vilabu, ambao hawana mahali pengine pa kufanyia mazoezi kabla ya mashindano. Huamka gizani, hupanda na lifti ya kwanza, nguzo za njia ya mbio huwa zimeshasimikwa, na hufanya kazi kwa haraka kwa sababu jua likishapanda uso hulainika na mazoezi huisha mapema mchana. Hapo ndipo nilipoisikia habari iliyowafurahisha jamaa zetu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni kuliko nyingine zote: theluji ikilowa, makocha huitawanyia chumvi ili iwe ngumu. Walidhani nawatania, kwa kuwa kila mmoja amesikia kwamba Ulaya chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Mambo yote mawili ni kweli. Chumvi huyeyusha sehemu ndogo ya theluji, na kuyeyuka kunahitaji joto, ambalo huvutwa kutoka kwenye theluji iliyo jirani. Maji yaliyomo humo huganda na uso hukaza kwa muda wa kutosha kumaliza mazoezi. Waliowahi kutengeneza aiskrimu kwa mkono, kwa kopo lililozungushiwa barafu na chumvi, wameliona jambo lilelile. Hila hiyo haifai kitu kwenye theluji mpya iliyo baridi na kavu, kwa hiyo juma hili watu wa mashamba ya chumvi hawana soko Stelvio, na niliwapa taarifa hiyo rasmi.

Kuna pia vituo vinavyoitunza theluji ya mwaka uliopita. Kwenye barafuto ya Presena, huko Italia, kuanzia mwaka 2008 vitambaa vizito vyeupe vilikuwa vikitandikwa kila mwanzo wa joto, na eneo lililofunikwa liliwahi kupita mita za mraba 100,000. Davos, nchini Uswisi, huhifadhi lundo la theluji chini ya unga wa mbao, na mwishoni mwa Oktoba hulitandaza wapate njia ya kuteleza mapema. Vitambaa hivyo hulinda sehemu wanayoteleza watu. Barafuto iliyobaki huachiwa jua.

Katika haya yote huwa namkumbuka Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa mdogo, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang. Kaunti yetu imetoa mtelezaji wa mbio za milimani wa kiwango cha Olimpiki, na hapa mjini waliowahi kulisikia jina lake ni wachache mno. Mtu wa kiwango chake asipopanda barafutoni wakati wa majani kupukutika huanza msimu akiwa nyuma, na kupanda huko kuna gharama: lifti, kocha, malazi, nta na vifaa. Nchi zenye milima hulipa. Sisi wengine hutafuta mfadhili.

Mashindano yenyewe ya Kombe la Dunia la skii hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba kwenye barafuto ya Rettenbach, Sölden, nchini Austria, ambako njia huanzia mita 3,040 na kuishia mita 2,670. Mwaka 2022 mbio za wanawake zilifutwa kwa hali mbaya ya hewa, na mwaka 2023 za wanaume zilisimamishwa katikati kwa upepo mkali. Jaribio la kuandaa mbio nyingine za mapema kati ya Zermatt ya Uswisi na Cervinia ya Italia lilikwenda vibaya zaidi: mwaka wa kwanza theluji haikutosha, mwaka wa pili ikazidi, na baada ya hapo zikaondolewa kwenye ratiba. Naona ni haki. Mdogo wangu haafiki. Anasema wangesogeza tarehe tu, na kwamba watu wa mabonde yale wanaihitaji biashara ya Novemba kama tunavyoihitaji sisi ya Julai. Bado tunabishana, na yeye ana wiki chache tu kabla hawajazima lifti na kushuka Bormio, ambako ameahidiwa kazi kwenye mashine za kutengenezea theluji, iwapo baridi itatosha kuziwasha.