Mkanda hausomi mita

Makomisioneri, yaani madalali wa magari, hapa Lubumbashi huja garajini jioni, gari likiwa bado na vumbi la Kasumbalesa, mpakani na Zambia. "Fundi, tushushie kilomita kidogo, mteja anakuja kesho." Mimi ni fundi umeme: waya, taa, alternata, dashibodi. Kazi hiyo ya kushusha siifanyi. Wananiambia kila mtu anaifanya, na kwamba mteja mwenyewe anapenda namba ndogo. Ni kweli anaipenda. Anaipenda kwa sababu anaiamini.

Mita za zamani zilizungushwa kwa mkono, na ukichungulia uliona tarakimu hazijakaa sawa. Siku hizi namba imo ndani ya chipu ndogo nyuma ya dashibodi. Mwenye kompyuta na waya wake anaandika namba anayoitaka kwa dakika chache, na machoni huoni kitu.

Watu wanahesabu hasara kwa dola. Mimi naogopa jambo lingine. Chukua Hilux Surf au Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ. Kamshafti yake, ile inayofungua vali, inazungushwa na mkanda wa mpira, si mnyororo. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka mita ikifika 100,000 ili dereva abadilishe mkanda. Taa inafuata mita. Shusha kilomita kutoka 190,000 hadi 78,000, dereva ataingoja taa kwa kilomita 22,000 nyingine huku mkanda ukizidi kuchakaa. Siku unapokatika yuko njia ya Likasi, malori ya shaba yako nyuma yake. Vali zinagonga pistoni, injini inazima, usukani unakuwa mzito papo hapo, na breki nazo ukishazikanyaga mara chache. Na ndani ya gari kuna watoto.

Mama mmoja mwenye duka Katuba aliniletea Surf ya namna hiyo, taa za mbele tu zilikuwa zinamsumbua. Mita ilisoma 71,000. Nilipofungua boneti niliona kibandiko cha garaji ya Japani, wanachobandika wakibadilisha mkanda: tarehe, na chini yake 103,400 km. Nikamwita aje aone mwenyewe.

"Sasa iko na ngapi, papa?" akaniuliza.

Hilo ndilo lililoniuma. Hakuna fundi ambaye angeweza kumjibu. Inaweza kuwa 130,000, inaweza kuwa 250,000. Nilimwambia abadilishe mkanda kwanza, kabla ya taa za mbele, na oili ya giaboksi, maana ya mwisho ilimwagwa lini hatujui. Pesa hizo alikuwa ameziweka kwa ajili ya bidhaa za duka. Aliyemuuzia hakupokea tena simu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, omba karatasi za Japani kabla ya kutoa pesa. Kule gari la familia linakaguliwa likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na tangu 2004 kilomita huandikwa kwenye cheti cha ukaguzi. Usiogope maandishi yao. Tarakimu ni zilezile tunazosoma sisi. Kisha fikiri njia: gari lililoendeshwa kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Zambia limekula takriban kilomita 2,000 kabla ya kukufikia. Mita ikionyesha pungufu ya karatasi, maneno yameisha. Kwa gari la usukani wa kushoto lililotoka Ubelgiji, uliza Car-Pass, hati ya kilomita ambayo muuzaji wa kule anapaswa kumpa mnunuzi tangu 2006. Ujerumani wao waliifanya kazi hii ya kushusha kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Tazama pia raba za pedali na ukingo wa kiti cha dereva. Kilomita 60,000 hazitoboi raba.

Na nyinyi mafundi umeme wenzangu: mita hufa kweli, na hapo lazima ubadilishe. Marekani, mita mpya isipoweza kuwekwa kwenye namba ileile, sheria inataka ianzie sifuri, na kibandiko chenye maili za zamani na tarehe kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Sisi garajini kwetu tunaandika hivyo hivyo kwa rangi nyeupe, mlango wa dereva. Komisioneri akitaka tufute, achukue gari lake.